Samweli wa Karatasi

Nimefundisha shule ya Jumapili kwa miaka kumi na minne katika kanisa moja hapa Ruring'u, na katika miaka hiyo yote kuna mtoto mmoja niliyemkosea kwa namna ambayo bado inanichoma. Si kwamba wengine sijawakosea. Nina hasira za karibu na mdomo usio na breki, na wazazi wanajua. Lakini wale wengine walisahau. Leo nikikutana nao stejini, pale matatu zinapopakia, wananisalimia, na baadhi yao wameshaota ndevu. Huyu mmoja alikuwa na neno la kumwambia mama yake aliye mbali, na hakuwa na njia ya kulisema ila kwa rangi. Nikalizuia neno lile. Nililizuia mbele ya wenzake, tena kwa mzaha.

Siku za wiki mimi ni fundi wa nguo. Nina kibanda karibu na uwanja wa michezo, cherehani mbili, na wateja wangu wengi ni wazazi wanaotaka sare za shule. Jumapili ndiyo naweka mkasi chini na kuwa mwalimu. Zamani nilifundisha kwa mdomo tu. Nasimulia habari za Musa mpaka koo linakauka, na kule nyuma mmoja anamfinya mwenzake, mwingine amelala, wa tatu anauliza kama chai iko tayari. Kisha mwalimu mmoja wa Murang'a, mama mpole kunishinda, akaniambia kwenye semina, "Wapatie kazi ya mikono, masikio itakaa yenyewe." Nilimwona anajifanya mjuzi. Lakini Jumapili iliyofuata nikajaribu, na kwa mara ya kwanza nikasikia mvua ikipiga bati wakati ninafundisha.

Tangu hapo kila Jumamosi mchana, wateja wakipungua, huchora ukurasa wa hadithi ya kesho yake kwa kalamu nyeusi nene, kisha nikaupeleka dukani kutolewa nakala. Nachora vizuri, sitajifanya mnyenyekevu. Mkono uliozoea chaki juu ya kitambaa hautetemeki juu ya karatasi. Na kwa fundi mstari ni amri. Ukikata nje yake umeharibu kitambaa cha mwenyewe. Amri hiyo nikaibeba mpaka kanisani. Rangi haitoki nje ya mstari, na anayetoka anarudia.

Watoto walinijaribu sana. Mlima wa Musa wote waliuacha mweupe kileleni, kwa sababu mlima wanaoujua wao una theluji; nikawaambia Sinai ni jangwani, warudie. Samaki wa Yona alipakwa kahawia na mtoto mmoja, na wekundu kidogo pembeni, na nilipouliza akanijibu kwamba huyo ni wa kukaanga na nyanya. Goliathi alipewa sare ya askari wa kaunti. Nilikuwa nacheka, kisha nasema rudia. Ningekuwa na akili ningeona kwamba watoto hao walikuwa wananionyesha walichoelewa. Mimi nilikuwa nikiangalia kingo tu.

Msichana ninayemsema alikuwa na miaka tisa wakati huo. Alikuwa mrefu kuliko wa rika lake, mkimya, mwenye mazoea ya kukaa mwisho wa benchi ili miguu ipate nafasi. Alikuwa akilelewa na nyanya yake, cucu kama tusemavyo huku, kwa sababu mama yake alikwenda Saudia kufanya kazi za nyumbani mtoto akiwa na miaka mitano. Hayo kila mtu kanisani aliyajua. Nami nilijua hayo tu, na sikuwahi kuuliza zaidi.

Jumapili hiyo ilikuwa ya mwezi wa nane, na mwezi wa nane wa Nyeri hauna huruma: ukungu mpaka saa tano, watoto darasani na kofia za sufu. Hadithi ilikuwa ya Hana, yule mama aliyekosa mtoto siku nyingi, akaomba, akampata Samweli, kisha akampeleka hekaluni angali mdogo akae na kuhani mzee. Na kila mwaka alipopanda kwenda kutoa dhabihu, alimshonea kanzu ndogo akampelekea. Naipenda hadithi hiyo kwa sababu za kifundi. Niliisimulia kwa madaha, nikawaonyesha hata jinsi Hana alivyoshika sindano. Kisha nikagawa kurasa. Nilikuwa nimemchora Samweli amesimama karibu na taa, na kanzu yake imefika magotini.

Kabla hajaanza kupaka, yule msichana alikuja mbele. Ilikuwa ajabu, maana hakuwa mtoto wa kuja mbele.

"Mwalimu, leo naweza enda na yangu nyumbani?"

Kurasa zote hubaki kwangu mpaka mwisho wa muhula, nikazibandika ukutani siku ya watoto. Nikamuuliza kwa nini yeye awe tofauti.

"Cucu anatuma mzigo kwa mami. Kuna auntie wa Kianyaga wanafanya na yeye kazi, alikuja likizo, anarudi Jumanne. Cucu alisema naweza weka picha."

Nikamwambia sawa, lakini iwe safi, picha inayovuka bahari isije ikatuaibisha. Akaitikia kwa kichwa, akarudi mwisho wa benchi. Alifanya kazi muda mrefu ameinama. Wenzake walimaliza, wakaanza kurushiana kofia, yeye bado.

Alipoleta, kanzu ya Samweli ilikuwa ya buluu, na haikuishia magotini. Ilikuwa imeteremka ikapita mstari wangu, ikafunika miguu, ikafika sakafuni mwa hekalu. Mikono ya kanzu nayo ilikuwa imerefushwa ikapita viganja. Sasa naomba mnielewe, kwa sababu hapa ndipo ninapokosa usingizi. Mtoto anayetoka nje kwa uzembe huacha michirizi. Rangi inakwenda huku na huku. Ile haikuwa na mchirizi hata mmoja. Ukingo wa chini ulikuwa umenyooka, umekatwa sawasawa kutoka kushoto kwenda kulia. Mtoto alikuwa ameipima ile kanzu. Fundi wa miaka yote hiyo, mtu wa kulipwa kwa kutambua ukingo ulionyooka, nikaitazama nisiione.

Niliinua karatasi juu darasa zima lione.

"Ninyi, hebu nisaidieni. Samweli amevaa nini hapa? Ni kanzu ama ni blanketi?"

Wakacheka. Watoto wakichekeshwa na mwalimu mkali hucheka kupita kiasi, kwa sababu ni nafuu kwao kwamba leo si zamu yao. Nilijua hivyo na nilikifurahia kicheko chao. Yule msichana alisema kitu kwa sauti ndogo. Nikamwambia aseme kwa nguvu.

"Mwalimu, Samweli amekua."

"Ati amekua? Samweli wa karatasi hakui. Mstari ni ule mwalimu amechora. Rudia."

Kicheko kikapanda tena. Wiki nyingi baadaye walikuwa wakilirudia neno hilo wakicheza nje, Samweli wa karatasi hakui, wakiliimba kwa kuruka kamba, nami nilijisikia mjanja. Nilimpa nakala nyingine. Alikaa chini akapaka upya, haraka, kanzu ya buluu iliyoishia magotini. Ikatoka safi kabisa. Nikamsifu, nikamwambia hiyo ndiyo ya kumpelekea mama. Ile ya kwanza niliitupa kwenye gunia la karatasi chakavu, na mama anayetupikia chai akawashia jiko.

Miezi ikapita. Desemba, wiki mbili kabla ya Krismasi, cucu yake alikuja kibandani pamoja na yule msichana. Alikuwa na mfuko wa plastiki umefungwa vizuri, na ndani yake gauni.

"Mwalimu, angalia hii nguo. Imekataa."

Lilikuwa gauni la waridi la dukani, limetoka Saudia, na lesi shingoni na ua kubwa kiunoni. Nilimwambia msichana alipime nyuma ya pazia. Alitoka akiwa hawezi kushusha mikono. Zipu ilikuwa imekwama katikati ya mgongo, na pindo la chini lilikuwa juu mno kwa msichana wa kwenda kanisani. Alisimama akiangalia ukuta wa mabati. Nikageuza pindo nione kuna kitambaa kiasi gani cha kuachia, na hapakuwa na kitu. Upana wa kidole kimoja, kisha uzi.

Huku kwetu hakuna mzazi anayemshonea mtoto nguo ya kumtosha leo. Atakuambia, "Fundi, shona kubwa, atakulia ndani." Mwezi wa kwanza wanafunzi wapya wanapita barabarani wamemezwa na sweta, na hakuna anayewacheka. Mimi mwenyewe huacha pindo la vidole vinne, nikalishona kwa mshono mlegevu, na kila mwaka mzazi anarudi nalifungua kidogo. Nimeifanya kazi hiyo mara nyingi mno. Nikiona pindo fupi namjua mtu asiyeishi na mtoto.

"Cucu, mama yake hajui vipimo vyake?" niliuliza.

Bibi alimtuma msichana akanunue maziwa dukani. Alipokwisha kutoka, akaketi kwenye kiti cha wateja.

"Mwalimu, hii ni ya nne. Kila Krismasi analeta nguo, na kila Krismasi ni ya mtoto ule aliacha. Anaongeza kidogo, lakini haongezi ya kutosha. Mimi napea watoto wa majirani. Sasa hii mwaka amesema anataka picha, mtoto akiwa amesimama."

"Na zile za miaka mingine?"

"Tulikuwa tunapiga akiwa ameketi. Naweka nguo hapa mbele, nashikilia na blanketi."

Nikamuuliza kwa nini asimwambie tu kwa simu. Cucu ana simu ndogo ya vibonye, lakini mama hupiga kila Ijumaa.

"Nimwambie nini? Ati mtoto yako imekua na hauijui? Analala kwa stoo huko. Hiyo kununua nguo ndiyo inamfanya asikie yeye ni mama. Nilikataza mtoto. Nilimwambia, mami akiuliza, sema inatosha, sema asante."

Nilikuwa na pini mdomoni. Niliziacha humo, nikashukuru kwamba zilinipa sababu ya kutojibu. Lakini bibi hakuwa amemaliza, na alilosema baadaye alilisema akitabasamu, kwa kuwa yeye aliliona ni jema.

"Ile picha ulimfunza kupaka, ile ya Samweli, ilifika. Ameibandika pale analala. Alipiga simu analia, anasema ni nzuri, kanzu imemtosha vizuri. Akauliza mtoto, na zangu hukutosha hivyo? Mtoto akamwambia, inanitosha, mami."

Hapo ndipo nilipoelewa, na nilielewa mara moja, kila kitu, mpaka mikono iliyopita viganja. Mtoto alikatazwa kusema. Hakukatazwa kupaka. Alisikiliza hadithi yangu ya mama anayeshona kanzu kila mwaka kwa mtoto asiyekaa naye, akaona njia. Akaichora kanzu ya mtoto aliyekua. Mimi nikamwambia hakui, nikampa nakala nyingine, na kwa amri yangu barua iliyovuka bahari ilisema uongo uleule anaolazimishwa kuusema kwenye simu.

Labda mama yake asingeelewa. Nimejipoza kwa hilo mara kadhaa. Angeweza kuona blanketi la buluu kama nilivyoliona mimi. Lakini mimi sikuwa mama yake, na picha haikuwa ya kwangu.

Mtu mwingine angemwambia bibi palepale. Nilifungua kinywa, nikatoa pini, nikasema, "Tutaongeza kitambaa chini, na huku ubavuni." Ndilo neno pekee lililotoka. Niliogopa uso wa yule mama mzee. Niliogopa pia, na hili nalisema kwa kuwa ni kweli, kwamba atawasimulia wenzake wa kikundi cha akina mama, na mwalimu hodari wa watoto aonekane alivyo.

Msichana alirudi na maziwa. Nikampima kiuno, mabega, urefu. Nilipofika magotini na futi, ule utepe wa kupimia, alinisaidia kuishika, kidole chake pale pale panapotakiwa. Nikaviandika vile vipimo kwenye karatasi mbili, moja yangu, na nyingine nikampa bibi nikimnong'oneza, "Cucu, hii mtumie mama yake, atanunua sawa mwaka ujao." Aliitazama, akaikunja, akanirudishia.

"Wacha tu, mwalimu. Amebakisha miaka miwili. Atakuja atapima na mikono yake."

Gauni nilimaliza siku mbili baadaye. Kitambaa cha waridi kinacholingana nilikikosa Nyeri nzima, nikaweka cheupe, kikaonekana kama ndivyo lilivyokusudiwa. Nilisikia kwamba picha ilipigwa, amesimama.

Mwezi wa kwanza shule ya Jumapili ilifunguliwa. Nilikuwa nimeazimia kusimama mbele ya darasa niseme kwamba mwezi wa nane mwalimu alikosea. Nililifanyia mazoezi kibandani, nikijisemea peke yangu nikikanyaga cherehani. Huku kwetu mtu mzima haombi mtoto msamaha, na sikuwa nimewahi kumsikia yeyote akifanya hivyo, lakini nilijipa moyo. Jumapili ikafika. Wazee wawili wa kanisa wakaja kuketi nyuma ya darasa, eti kuona kazi inavyoendelea. Nikafundisha, nikaomba, nikagawa kurasa. Neno halikutoka.

Nilisubiri mpaka wote wameinama wanapaka. Nikaenda mwisho wa benchi, nikachuchumaa karibu naye.

"Ile siku ya Samweli," nilimwambia, "wewe ndiye ulikuwa sawa. Mimi ndiye sikuelewa. Unisamehe."

Nilimwaibisha kwa sauti ya kufika uani, nikamwomba msamaha kwa kunong'ona. Hata yeye alitazama kando kuona kama kuna aliyesikia, akijali aibu yangu kuliko nilivyojali yake.

"Ni sawa, mwalimu."

Nilikuwa nimemletea kitu. Jumamosi nilimchora Samweli upya, nakala moja tu, isiyopitia dukani. Nilimchora kichwa, mabega, mikono, na pande mbili za kanzu zikishuka. Chini sikuweka mstari. Niliacha wazi mpaka mwisho wa karatasi, ili kanzu iishie atakapotaka yeye. Nilijiona nimebuni jambo la maana sana.

"Hii ni yako," nikasema. "Paka vile unataka. Ukimaliza nitaipiga picha na simu yangu tumtumie mami leo leo."

Aliichukua, akaiweka juu ya magoti, akaitazama kwa muda. Nilidhani ameelewa. Kisha akanyanyua kichwa.

"Mwalimu, umesahau mstari."

"Sijasahau. Weka popote."

Akaniangalia usoni, kwa makini, vile mtoto anavyomwangalia mtu mzima anayeweza kubadilika wakati wowote. Akachukua penseli na rula ya jirani yake. Akauchora mstari mwenyewe, kutoka kushoto kwenda kulia, magotini, palepale ulipokuwa mwezi wa nane. Kisha akachagua buluu, akaanza kupaka kutoka juu, polepole, na alipofika kwenye mstari akasimama.